ALIYEPIGA NI NANI: POMBE AU MTU?



Liko neno moja ambalo wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa hulisikia mara nyingi siku ya Jumatatu. Jumamosi usiku watu wamegombana baa. Mmoja amevunja chupa na kumchoma mwenzake usoni, au ametoka huko na hasira yake akaenda kumpiga mkewe nyumbani. Kukicha, macho yakiwa mekundu na sauti imeshuka, aletwa mbele ya wazee, naye asema: "Si mimi, ni pombe." Wazee huitikia kwa kichwa, na mara nyingine hata yule aliyepigwa huitikia, na shauri huishia hapo.

Mwezi huu twataka kulipima neno hilo. Hatulipimi kwa kushindana kwa maneno, maana mambo makubwa hutegemea jibu lake. Ikiwa aliyepiga ni pombe, basi hakuna wa kutubu, kwa kuwa pombe haina moyo wala haina magoti. Na ikiwa aliyepiga ni yule mtu peke yake, basi sisi sote tuliomwuzia, tuliomnunulia, tuliomcheka na tuliomtazama tumekwisha kunawa mikono, nasi twaweza kwenda zetu kulala. Majibu haya mawili ni mepesi mno, na kila moja lamwacha mtu akivuja damu pasipo mganga.

POMBE HUFANYA NINI

Kwanza tuseme kweli: pombe hufanya kazi ndani ya mtu. Asemaye kwamba haifanyi neno, na kwamba mlevi ajifanya tu, huyo hajaketi karibu na mlevi. Waganga wafundisha kwamba kileo kikiingia katika damu hufika upesi kwenye ubongo; na uwezo wa mtu wa kujizuia, kupima mambo, na kuona mwisho wa jambo kabla ya kulianza, ndio hulegea mapema. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Steele na Josephs, waliandika kwamba pombe humfanya mtu kuwa kama mwenye macho yasiyoona mbali: lililo karibu naye huliona kubwa, na lililo mbali halioni kabisa. Tusi la sasa hivi li karibu. Bega lililomgonga li karibu. Kicheko cha watu wa meza ya pili ki karibu. Lakini watoto wake waliolala Buhongwa wako mbali, kazi yake ya kesho iko mbali, na lango la gereza la Butimba liko mbali, hata kama ni mwendo wa miguu tu. Kama angalikuwa na akili zake, angaliviona vyote pamoja, na vile vya mbali vingaliuzuia mkono wake.

Basi si ajabu kwamba madhara ni makubwa. Shirika la Afya la Ulimwengu, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilihesabu kwamba mwaka 2019 vifo kama 2,600,000 duniani vilitokana na pombe, na katika hivyo vifo 724,000 vilikuwa vya majeraha, yaani ajali za njiani, watu kujidhuru wenyewe, na watu kudhuriana. Hao wa majeraha hawakuugua ini miaka mingi. Wengi wao waliondoka nyumbani wakiwa wazima.

WALAKINI SI POMBE PEKE YAKE

Tukiishia hapo tutakuwa tumempa yule mtu wa Jumatatu udhuru wake. Hebu tuulize mbele kidogo. Mbona bia ile ile, iliyotoka katika kreti moja, humfanya huyu aimbe, na huyu alale, na huyu alie akimkumbuka mama yake, na huyu avunje chupa? Tena, mbona yule asemaye kwamba hakujijua alimpiga mkewe, asimpige askari aliyekutana naye njiani? Mbona alimtukana binti anayehudumu mezani, asimtukane yule tajiri anayemdai fedha, ambaye alikuwa ameketi pale pale? Mkono usiojijua hauchagui. Mkono uliomchagua mnyonge ulijua kitu.

Jambo hili lilichunguzwa na wataalamu wawili, MacAndrew na Edgerton, katika kitabu chao cha mwaka 1969. Edgerton alikuwa amekaa Afrika ya Mashariki akiwachunguza Wahehe, Wakamba, Wapokoti na Wasebei. Wawili hao walikusanya habari za mataifa mengi, wakaona kwamba watu wakilewa hawafanani. Liko taifa ambalo watu wake hunywa hata wakaanguka, wala hawagombani; na liko taifa ambalo watu wake hunywa kidogo na visu vikatoka. Tena waliona kwamba hata mlevi hukaa ndani ya mipaka fulani: yale ambayo watu wake hawayavumilii kamwe, mara nyingi hata akilewa hayatendi. Wakasema kwamba mtu hujifunza ulevi wake kwa watu wake, kama anavyojifunza lugha. Mtoto amwona baba, amwona mjomba, asikia watu wakisimulia na kucheka. Naye akua akijua mambo ambayo mlevi husamehewa.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu, nasi twawaomba msomaji na msikilizaji walitafakari. Udhuru ujulikanao kabla ya kosa hugeuka kuwa ruhusa. Mtu ajuaye ya kuwa kesho atasema "ni pombe" na kuachiliwa, amekwisha kufunguliwa mlango kabla hajaonja tone la kwanza. Wala haimpasi kuwaza hivyo waziwazi. Jamii imekwisha kumwazia. Kila mara baraza la wazee linapolipokea neno hilo kuwa mwisho wa shauri, vijana wanaosikiliza nje dirishani wajifunza somo.

Wazee wetu wa zamani walijua kwamba kinywaji hutaka utaratibu. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya historia ya pombe Afrika ya Mashariki tangu 1850 hata 1999, aonyesha jinsi ambavyo zamani, katika nchi nyingi za kwetu, pombe ilihesabiwa kuwa kitu cha wazee, nayo ilifungamana na heshima yao. Hatusemi kwamba siku hizo hapakuwa na ugomvi. Mtungi nao ulikuwa na makosa yake. Lakini pombe ya mtama ilikuwa na majira. Haikupikwa pasipo nafaka, ilichukua siku kadha wa kadha kuwa tayari, nayo haikukaa isiharibike. Bia ya chupa haina majira. Iko kiangazi na masika, asubuhi na usiku wa manane, kwa mzee na kwa kijana aliyepata ujira wake wa kwanza, wala hakuna mkubwa aketiye karibu na kreti kusema, "Mwanangu, yatosha."

HATIA HUANZIA WAPI

Sasa tuje katika hukumu. Mtu atasema: "Ikiwa saa ile hakuona mbali, atahukumiwaje kwa lile asiloliona?" Swali hili ni la haki, na ni la kale. Aristotle wa Uyunani alilijibu akasema kwamba mlevi hutenda kwa kutojua, lakini kutojua kwake kulitoka kwake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kutolewa. Naye akataja habari za Pittacus, mtawala wa Mytilene, aliyeweka sheria kwamba akosaye katika ulevi aadhibiwe zaidi ya akosaye akiwa na akili zake. Sheria yetu ya Tanzania haimzidishii mlevi adhabu, lakini haimkubalii udhuru wake hivi hivi. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu husema kwamba ulevi si kinga ya mashitaka, isipokuwa kwa mambo machache, kama vile mtu aliyeleweshwa na mwingine kwa hila pasipo ridhaa yake.

Watu wa pwani ya ziwa hawahitaji Myunani wa kuwaeleza jambo hili. Mtu akiondoka Luchelele kwa mtumbwi, naye aona wingu jeusi limesimama upande wa magharibi, na wenzake wamemwita arudi, asiporudi na dhoruba ikamkuta kilindini, hatuwezi kumlaumu kwa kuwa mawimbi yalimshinda. Mawimbi humshinda kila mtu. Twamlaumu kwa kuwa aliondoka. Na kama amewachukua abiria, damu yao i juu yake. Vivyo hivyo mtu ajuaye ya kuwa akilewa hupiga, hatia yake haianzi pale chupa inapovunjika. Huanza saa 12 jioni, anapovaa shati safi na kusema, "Naenda kunywa mbili tu."

Lakini haki isiyo na rehema si haki ya Kikristo. Wako watu ambao hawaendi tena kwa kupenda. Mwili wao umefungwa. Wasipokunywa hutetemeka, hutoka jasho, huota wakiwa macho. Huo ni ugonjwa, na waganga wautambua hivyo. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali, aonwe na waganga wa magonjwa ya akili, kama wale walioko Bugando, wala asiambiwe tu kwamba aombe zaidi. Tena asiachishwe ghafula nyumbani pasipo mganga, maana kwa mlevi wa siku nyingi kuacha kwa siku moja kwaweza kumwua. Hata hivyo ugonjwa humwondolea aibu ya kutafuta dawa. Haumwondolei deni la kumtengeneza aliyemdhuru.

MACHO YA WATU

Tukitazama jinsi magomvi ya baa yanavyozaliwa, twaona kwamba mara nyingi chanzo ni kidogo cha kuchekesha. Mtu amekanyagwa mguu. Bili imeletwa ikiwa na chupa ambayo hakuagiza. Amemnunulia mwenzake ofa juma lililopita, na leo mwenzake hakumkumbuka. Amengoja zamu yake ya kucheza puli, mwingine akaichukua. Kwa mambo haya watu hufa. Kwa nini? Kwa sababu mambo haya hutendeka mbele ya watu.

Kumbukeni Herode katika karamu ya kuzaliwa kwake. Maandiko yatuambia kwamba alihuzunika. Hakutaka kumwua Yohana. Lakini alikuwa ameapa, na wageni walikuwa wameketi. Macho ya wageni ndiyo yaliyomshinda. Kumbukeni tena, katika historia ya mataifa, jinsi Alexander mfalme wa Makedonia, mwaka 328 kabla ya Kristo, alivyomwua kwa mkuki Cleitus, rafiki yake aliyekuwa amemwokoa vitani. Walikuwa karamuni wamelewa, wakashindana juu ya nani apewe sifa. Alexander alipoona alilolitenda alilia sana, lakini machozi hayakumfufua Cleitus. Mfalme aliyezishinda nchi aliogopa kushindwa kwa neno moja mbele ya meza.

Basi watazamaji nao wana sehemu yao. Watu wawili wakianza kutukanana pembeni, mara nyingi hupoa wenyewe. Lakini duara likifanyika, wengine wakipiga makofi, wengine wakisema "Mwonyeshe, mwonyeshe," na siku hizi wengine wakiinua simu ili wapige picha, hakuna njia ya kurudi nyuma pasipo aibu. Nuhu alipolewa, mmoja wa wanawe aliona na kwenda kusimulia. Wawili waliingia kinyumenyume na kumfunika. Mkristo aliyekutwa mahali penye ugomvi aulizwe alikuwa miongoni mwa wanawe yupi.

NYUMBA YENYEWE

Liko neno ambalo wengi hawajalifikiri: nyumba za pombe nazo hazifanani. Ziko baa mbili mtaa mmoja, wanywaji ni wale wale, bia ni ile ile. Moja huwa na damu kila mwisho wa mwezi, na nyingine yaweza kukaa mwaka mzima kwa amani. Kathryn Graham wa Kanada na Ross Homel wa Australia, waliochunguza mambo haya miaka mingi, waliyaeleza katika kitabu chao cha mwaka 2008. Joto, msongamano na kelele huwakasirisha watu. Njia nyembamba ya kuendea choo na kaunta huwagonganisha. Meza chafu na chupa tupu zisizoondolewa humwambia mtu kwamba hapa hakuna mwenye kujali, na chupa yenyewe huwa silaha iliyo tayari. Kungoja muda mrefu kuhudumiwa huleta hasira. Mtu aliyekwisha kulewa akiendelea kuuziwa, msiba watafutwa. Walinzi wa mlangoni, hao waitwao mabaunsa, wakichaguliwa kwa ukubwa wa kifua tu, mara nyingi huongeza ugomvi badala ya kuuzima. Na saa ya kufunga, watu wote wanapotolewa pamoja na kuzigombania bodaboda, ndiyo saa ya hatari kuliko zote.

Mwenye baa atasema: "Mimi nauza tu, mtu mzima ajichunge mwenyewe." Neno hilo twalijibu kwa Amri ya Tano. Luther, katika Katekisimo Ndogo, hakutufundisha kwamba amri hiyo yatimizwa na kila asiyeshika kisu. Alitufundisha kwamba imetupasa tusimdhuru jirani mwilini mwake, tena tumsaidie katika haja zake zote za mwili. Mwenye nyumba ajua ni meza ipi italeta ugomvi. Ajua ni nani ameleweshwa na faida yake. Apandaye uwele kando ya njia ya ng'ombe, asiweke boma, asilalamike kwamba ng'ombe wana tamaa. Naye Mkristo asiye na baa, ila amepangisha nyumba yake iwe baa na kupokea kodi kila mwezi, asidhani kwamba ukuta wa kodi wamficha.

Tena tuwakumbuke mabinti wahudumu. Wengi wao wametoka vijijini wakitafuta riziki. Wao ndio wa kwanza kushikwa, kutukanwa na kupigwa, na bili isipolipwa mara nyingi wakatwa wao katika ujira mdogo. Sharika nyingine huwadharau, hata wakija kanisani hukaa mlangoni. Haifai. Wao ni jirani aliyeangukiwa na wanyang'anyi mahali pa kazi yake, nasi tusiwe walawi wa kupita upande wa pili.

JE, YAWEZEKANA KUZUIA?

Wako wasemao: "Ulevi haukuanza leo, hata mkifunga baa, watu watakunywa gongo vichakani." Twakubali kwamba wengine watafanya hivyo. Lakini tusikate tamaa kabla ya kutazama. Katika mji wa Diadema, nchi ya Brazil, mji wa watu wa kazi uliojulikana kwa mauaji, mwaka 2002 iliwekwa sheria kwamba pombe isiuzwe katika baa baada ya saa 5 usiku. Wachunguzi walipohesabu miaka iliyofuata, waliona kwamba mauaji yalikuwa yamepungua karibu 9 kila mwezi. Watu wale wale, kiu ile ile, lakini saa tofauti. Katika mji wa Newcastle, Australia, mwaka 2008 baa za katikati ya mji, zilizokuwa zikifungwa saa 11 alfajiri, ziliamriwa kufunga mapema zaidi kwa saa moja na nusu au mbili. Na kupigana usiku kukapungua kwa zaidi ya theluthi moja, kukilinganishwa na mtaa wa jirani usiowekewa amri hiyo. Jirani zetu wa Kenya kwa sheria ya mwaka 2010 waliweka baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi na kufungwa saa 5 usiku. Nasi Tanzania tuna Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Na tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ndogo hata mtoto akaificha mfukoni.

Basi sheria si bure. Lakini sheria isiyosimamiwa ni kama wavu uliotoboka: wavuta maji tu. Mkristo aliye mwenyekiti wa mtaa, au mjumbe, au askari, anayepita mbele ya baa saa 8 usiku akiona imefunguliwa na kupokea soda ya bure, huyo ameutoboa wavu kwa mkono wake.

UGOMVI HAUKAI BAA

Yaliyoanzia mezani huishia nyumbani. Utafiti uliofanywa katika jiji la Mwanza na kuchapishwa mwaka 2017 uliwauliza wanawake 1,049, na katika kila 100 kama 61 walikuwa wamewahi kutendwa jeuri ya mwili au ya ngono na waume au wenzi wao. Hesabu hiyo si ya nchi ya mbali. Ni ya mama zetu, dada zetu na wanakwaya wetu. Hatusemi kwamba yote yaliletwa na pombe. Wako waume wapigao pasipo kuonja tone, nao wanaandika majina yao vizuri katika daftari la sadaka. Hao ndio mashahidi wetu wakubwa kwamba shina la jambo li moyoni. Maandiko hayasemi kwamba Kaini alikuwa amekunywa kitu. Pombe hulimwagilia shina; haikulipanda.

YATUPASAYO

Sasa twasema na wainjilisti na wazee, neno kwa neno.

La kwanza, msishindane na mlevi usiku. Abigaili, mke wa Nabali, alipomkuta mumewe amelewa sana karamuni, hakumwambia neno lo lote hata asubuhi, divai ilipokuwa imemtoka. Hekima hiyo imeokoa wengi. Usiku kazi yenu ni kuwatenganisha watu, kumficha aliye hatarini, na kumwita askari ikiwa kuna silaha. Maneno ni ya asubuhi.

La pili, asubuhi ikifika, maneno yasemwe kweli. Mtu akisema "ni pombe," mwulizeni: "Nani aliinywa?" Kisha msiishie hapo. Amwendee aliyempiga; alipe gharama za hospitali; aseme "nilikupiga," asiseme "ulipigwa." Na yule aliyeumizwa asilazimishwe kusamehe mbele ya kikao ili wazee wapate kwenda nyumbani mapema. Akitaka kwenda polisi, asizuiwe kwa jina la kanisa. Mama mwenye hatari nyumbani atafutiwe kwanza mahali pa kulala salama, ndipo habari za upatanisho zisemwe.

La tatu, tuache kucheka. Habari za fulani aliyewapiga watatu baa husimuliwa katika arusi na misiba yetu kama habari za mashujaa. Kila kicheko ni darasa. Watoto wetu wajifunze kwetu kwamba shujaa ni yule aliyemshika mwenzake bega kabla ya hasira kuwaka, akamwambia "Twende nyumbani," akamlipia bodaboda, akamfikisha mlangoni.

La nne, tuwatazame vijana wa mialoni. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika giza. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Basi siku za mbalamwezi ndizo siku ambazo vijana wengi wako ufukoni, fedha i mfukoni na kazi hakuna. Sisi twawaandalia nini? Mwenye baa amekwisha kuwaandalia muziki na viti. Usharika ulio karibu na ziwa uangalie kalenda ya mwezi kama unavyoangalia kalenda ya kanisa, ukaweke siku hizo mpira, kwaya, na mafundisho ya kuweka akiba.

La tano, kwa habari ya kunywa kwenyewe. Sisi Walutheri hatufundishi kwamba divai ni najisi, maana Bwana aliiweka mezani pake na kuitoa katika arusi ya Kana. Luther naye alikunywa bia aliyopika mkewe Katharina. Lakini huyo huyo, alipofasiri Zaburi ya 101 mwaka 1534, alisema kwa uchungu kwamba kila nchi ina shetani wake, na shetani wa Wajerumani ni ulevi; na mwaka 1539 alihubiri kwa ukali juu ya kiasi. Uhuru wetu si uhuru wa kumwumiza ndugu. Ajuaye ya kuwa akinywa hupiga, kwake yeye kikombe cha kwanza kimekwisha kuwa dhambi, ingawa kwa jirani yake kisiwe. Na ajuaye hivyo juu ya mwenzake, akamnunulia ofa, ameshiriki.

Twarudi katika swali letu. Aliyepiga ni nani? Aliyepiga ni mtu, kwa mkono wake. Pombe ilimfumba macho yasione mbali. Nyumba ilimpa chupa na msongamano. Watazamaji walimpa duara. Nasi tuliompa udhuru kabla hajakosa tulimfungulia mlango. Tukisema hivi hatumzidishii mzigo, wala hatumtui. Twampa kitu ambacho udhuru hauwezi kumpa. Maana asemaye "si mimi" hana la kusamehewa, naye atarudi Jumamosi ijayo vile vile. Asemaye "ni mimi" amesimama mahali ambapo Kristo huja, na hapo mtu mpya aweza kuanza, hata katika Nyamagana, hata siku ya Jumatatu.

Mungu wa amani awalinde ninyi na nyumba zenu, na awalinde nao walioko njiani usiku. Amina.